Mwema na mwovu: Biblia yafundisha nini kuhusu hatima yao?

WAHENGA walinena kuwa mwisho wa ubaya ni aibu. Wengine huongeza kwamba malipo ni papa hapa duniani. Kauli hizi mbili husikika kila siku sokoni, ndani ya matatu na katika mabaraza ya wazee, hasa mtu aliyefahamika kwa dhuluma anapopatwa na balaa.

Hata hivyo, kila mwenye macho amewahi kushuhudia kinyume chake. Mnyang'anyi wa ardhi huzeeka kwa raha, hufia kitandani mwake na kuzikwa kwa hotuba ndefu za sifa, ilhali mjane aliyedhulumiwa naye hufukiwa kimyakimya. Hapo ndipo linapozuka swali la tangu jadi: iwapo mambo ni hivi, wema una faida gani?

Biblia haikulikwepa swali hilo. Kinyume na wanavyodhani wengi, Maandiko hayana jibu moja lililotolewa kwa siku moja na mtu mmoja. Yana mjadala uliochukua karne nyingi, ambamo washairi, manabii, wafungwa na wakimbizi walijibizana, wakati mwingine kwa hasira.

Kuufuata mjadala huo hatua kwa hatua kuna manufaa. Mafundisho kuhusu hatima ya mwenye haki na mwovu ni miongoni mwa yale yanayotumiwa vibaya mno. Yametumiwa kuwatisha maskini na kuwahukumu wafu mbele ya jamaa zao. Aidha, kama ilivyodhihirika katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwaka wa 2023, ahadi ya mbinguni inaweza kugeuzwa kuwa chombo cha mauti.

Mti na makapi

Zaburi ya kwanza, yenye aya sita pekee, ndiyo inayofungua kitabu kizima cha Zaburi. Mtunzi wake anaweka mbele ya msomaji picha mbili. Mwenye haki anafananishwa na mti uliopandwa kando ya vijito, usionyauka majani na unaozaa kwa majira yake. Mwovu naye anafananishwa na makapi yapeperushwayo na upepo.

Picha hiyo ilieleweka upesi na wakulima wa Palestina ya kale. Ngano ilipurwa kwenye kiwanja kilicho wazi, kisha ikarushwa hewani kwa uma wa mti. Punje nzito zilianguka papo hapo, nayo makapi yakachukuliwa na upepo. Yeyote aliyewahi kumwona mama akipepeta mahindi au mtama kwa ungo hahitaji maelezo zaidi.

Inafaa kutambua jambo moja hapa. Zaburi hiyo haizungumzii moto wala mateso. Kasoro ya makapi ni wepesi: hayana uzito wala mizizi, na hayawezi kustahimili siku ya kupepetwa.

Istilahi zenyewe pia zina siri yake. Maneno ya Kiebrania yanayotafsiriwa kama mwenye haki na mwovu, yaani saddiki na rasha, yalitumika mahakamani. Sheria ya Kumbukumbu la Torati 25:1 inawaagiza waamuzi kumpa haki mwenye haki na kumtia hatiani mwenye hatia. Kwa hivyo, mwenye haki katika Agano la Kale hasifiwi kwa wingi wa sala peke yake. Ni mtu ambaye kesi yake ikisikizwa, ukweli utakuwa upande wake.

Kitabu cha Mithali kinaendeleza fikira hiyo. Kuanzia sura ya 10, methali nyingi zinawalinganisha watu hawa wawili: nyumba ya mmoja husimama na ya mwingine huporomoka, jina la mmoja hukumbukwa kwa baraka na la mwingine huoza. Nayo sura ya 28 ya Kumbukumbu la Torati inaorodhesha baraka za utiifu, zikiwemo mvua, mavuno na watoto, pamoja na laana za uasi kama vile ukame, maradhi na kutekwa nyara.

Katika hatua hii ya mwanzo, basi, Biblia inakubaliana na wahenga. Malipo ni papa hapa duniani.

Ayubu apinga

Lakini mambo hayakuishia hapo. Kitabu cha Ayubu, chenye sura 42, kinasimama na kuuliza maswali magumu. Mhusika wake mkuu ni mtu asiye na lawama, ambaye anapoteza mifugo, watumishi, watoto wake 10 na hatimaye afya yake.

Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanakuja kumliwaza. Kwa siku saba wanakaa naye chini bila kusema neno, na huo ndio wakati waliomfaa zaidi. Wanapofungua vinywa, wanatetea kanuni waliyoijua: anayeteseka ametenda dhambi. Ikiwa Ayubu ameangamia, lazima alikosa mahali.

Ayubu anakataa katakata. Katika sura ya 21 anawaalika rafiki zake watazame dunia ilivyo. Waovu huishi hadi uzeeni, asema, nyumba zao zina amani, ng'ombe wao huzaa bila kuharibu mimba na watoto wao hucheza ngoma. Hatimaye hushuka kaburini kwa utulivu.

Cha ajabu ni hukumu inayotolewa mwishoni. Katika sura ya 42:7, Mungu anawakasirikia wale rafiki watatu walioitetea haki yake, na kutangaza kuwa Ayubu, aliyelalamika, ndiye aliyenena yaliyo sawa. Kwa maneno mengine, kumwambia mgonjwa au mfiwa kwamba msiba wake ni ushahidi wa dhambi yake ni kosa ambalo Biblia yenyewe imelikemea.

Ayubu hakuwa peke yake. Nabii Yeremia, katika sura ya 12, anamshtaki Mungu kwa kuiacha njia ya waovu isitawi. Habakuki anauliza ni kwa nini Mungu anyamaze mtu mwovu anapommeza aliye mwema kuliko yeye. Mhubiri, katika sura ya 9, anasikitika kwamba jambo lilelile humpata mwema na mbaya, anayetoa sadaka na asiyetoa.

Zaburi ya 73, inayohusishwa na Asafu, ndiyo inayoeleza kwa uwazi zaidi hatari iliyomo katika swali hili. Mtunzi anakiri kwamba nusura miguu yake iteleze. Aliwaonea wivu wenye majivuno alipoona wamenenepa na hawana taabu, akaanza kuamini kuwa amejitakasa bure.

Zamu inageuka katika aya ya 17, anapoingia patakatifu na kutafakari mwisho wao. Wale aliowaona kama minara anawaona sasa wakisimama mahali penye utelezi. Hata hivyo, faraja yake kuu inatokana na jambo jingine. Anatambua kwamba yeye mwenyewe ameshikwa mkono, na kwamba hatimaye atapokewa katika utukufu. Hapa ndipo hatima inapoanza kuvuka mpaka wa kaburi.

Kuzimu kwa wote

Kwa muda mrefu, Waisraeli wa kale hawakuwa na picha ya watu wema kwenda mbinguni na wabaya kwenda motoni mara tu wanapokata roho. Waliamini kuwa wafu wote hushuka Sheoli, mahali pa giza na kimya chini ya ardhi. Neno hilo linapatikana yapata mara 65 katika Agano la Kale.

Yakobo, alipodhani mwanawe Yusufu ameraruliwa na mnyama, alisema atashuka huko akiomboleza. Hapakuwa mahali pa adhabu maalumu. Mfalme na mtumwa, mchaji na mkaidi, wote waliishia huko, na Zaburi ya 6 inasikitika kwamba huko hakuna anayemsifu Mungu.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilitafsiri neno hilo kuwa kuzimu, na hawakukosea. Johannes Ludwig Krapf alianza kazi ya kutafsiri Mwanzo mjini Mombasa mwaka wa 1844, wengine wakaiendeleza Zanzibar na kwingineko, hadi toleo la pamoja lilipochapishwa mwaka wa 1952. Kuzimu ni neno la Kibantu, ndugu wa mzimu na mizimu, na lilikuwa tayari likitaja makao ya waliotangulia, bila kubagua nani alikuwa mwema.

Jehanamu, kwa upande mwingine, ni neno lililoingia Kiswahili kupitia Kiarabu, nalo asili yake ni Kiebrania, kama itakavyoelezwa hapa chini. Hivyo msomaji wa Kiswahili ana bahati. Tofauti kati ya makao ya wafu wote na mahali pa adhabu imehifadhiwa katika lugha yake, ilhali tafsiri kadhaa za kale za Kiingereza zilitumia neno moja kwa yote mawili na kuzua mkanganyiko wa karne nyingi.

Damu ya mashahidi

Mabadiliko makubwa yalikuja wakati wa mateso. Mwaka wa 167 kabla ya Kristo, Mfalme Antioko wa Nne, aliyetawala kutoka Siria, alilinajisi hekalu la Yerusalemu na kupiga marufuku ibada na desturi za Kiyahudi. Waliokataa kuiasi Sheria waliuawa.

Kanuni ya zamani ilifika ukingoni. Watu hawa hawakufa licha ya uaminifu wao, bali kwa sababu ya uaminifu huo. Lau wangekuwa waovu kidogo, wangaliishi. Je, Mungu mwenye haki angewaacha wauaji wao wafurahie na wao waoze mavumbini?

Jibu linapatikana katika Danieli 12:2, ambapo inatangazwa kwamba wengi waliolala katika mavumbi wataamka, wengine kwa uzima wa milele na wengine kwa aibu ya milele. Wataalamu wengi wa Biblia wanaamini kwamba sura hiyo iliandikwa wakati wa dhiki ya Antioko, ingawa mapokeo ya kale humhusisha Danieli na uhamisho wa Babeli karne nne hivi kabla. Wote, hata hivyo, wanakubaliana kuwa hakuna mahali pengine katika Agano la Kale la Kiebrania ambapo ufufuo wa makundi mawili umeelezwa kwa uwazi kiasi hicho.

Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, ambacho kimo katika Biblia ya Wakatoliki na Waothodoksi, kinasimulia habari za ndugu saba walioteswa hadi kufa mbele ya mama yao. Mmoja baada ya mwingine wanamwambia mfalme kuwa viungo anavyovikata watarudishiwa na Mungu.

Asili hii haipaswi kusahaulika. Mafundisho ya ufufuo na hukumu hayakubuniwa na wenye mamlaka ili kuwatisha wanyonge. Yalikuwa kilio cha wanyonge dhidi ya wenye mamlaka, kwamba kesi iliyofungwa na mtawala duniani ina mahakama nyingine ya rufaa.

Si Wayahudi wote walioyakubali. Katika zama za Yesu, Mafarisayo waliamini ufufuo ilhali Masadukayo, kundi lililohusiana na makuhani wakuu na matajiri wa Yerusalemu, waliukana. Kitabu cha Matendo, sura ya 23, kinasimulia jinsi Paulo alivyoutumia mgawanyiko huo kujinasua barazani.

Bonde la Hinomu

Jehanamu ni jina la mahali panapoweza kutembelewa hata leo. Kwa Kiebrania ni Ge Hinomu, yaani Bonde la Hinomu, lililoko kusini na kusini-magharibi mwa mji wa kale wa Yerusalemu.

Sifa yake mbaya ilianza kwa wafalme. Kitabu cha Pili cha Nyakati kinawashtaki Ahazi na Manase kwa kuwateketeza wana wao huko kama sadaka. Baadaye Mfalme Yosia alipanajisi mahali hapo ili desturi hiyo ikome, naye Yeremia akatabiri kwamba pangeitwa Bonde la Machinjo.

Wahubiri wengi husimulia kwamba enzi za Yesu bonde hilo lilikuwa jaa la taka lililowaka usiku na mchana. Maelezo hayo yanavutia, lakini ushahidi wake ni haba. Yanajulikana kutoka kwa mwanazuoni wa Kiyahudi, David Kimhi, aliyeandika yapata mwaka wa 1200, zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Kilicholifanya bonde hilo litishe ni kumbukumbu ya watoto walioteketezwa, wala si moshi wa takataka.

Agano Jipya linalitaja jina hilo mara 12. Mara 11 kati ya hizo limo kinywani mwa Yesu, na mara moja katika Waraka wa Yakobo, kuhusu madhara ya ulimi. Paulo, mwandishi wa nyaraka nyingi, halitumii hata mara moja.

Wanaoonywa kwalo pia ni wa kutazamwa kwa makini. Katika Mathayo 5 ni anayemdhalilisha nduguye kwa maneno. Katika Marko 9 ni anayewakwaza wadogo. Katika Mathayo 23 ni viongozi wa dini wanaowatwika watu mizigo. Aghalabu onyo hilo liliwalenga waliojihesabu kuwa wamo ndani. Wazinzi na watoza ushuru, ambao jamii ilikuwa imekwisha kuwahukumu, Yesu alikula nao.

Tajiri na Lazaro

Mfano unaotajwa zaidi kuhusu hatima hizi mbili umo katika Luka 16:19-31. Tajiri aliyevaa zambarau alikula na kunywa kila siku, na mlangoni pake alilazwa maskini mwenye vidonda aliyelambwa na mbwa. Wote wawili wakafa. Maskini akachukuliwa hadi kifuani pa Ibrahimu, na tajiri akajikuta mahali pa mateso kuzimu.

Kuna mambo matatu katika mfano huu ambayo msomaji wa haraka huyapita. Kwanza, maskini ana jina ilhali tajiri hana. Lazaro ndiye mhusika pekee aliyepewa jina katika mifano yote ya Yesu. Duniani mambo huwa kinyume: jina la tajiri huandikwa kwenye majengo na la maskini halijulikani hata na bawabu.

Pili, tajiri hashtakiwi kwa wizi, zinaa wala kuabudu sanamu. Hakumpiga Lazaro wala kumfukuza. Alimruka tu kila alipotoka na kuingia. Kosa lake lilikuwa kutoona.

Tatu, hata baada ya kufa tajiri hajabadilika. Anaomba Lazaro atumwe amletee maji, kisha atumwe tena kwa ndugu zake watano, kana kwamba maskini yule bado ni mtumishi wake. Shimo kubwa lililowekwa kati yao linafanana na mlango ambao yeye mwenyewe aliufunga alipokuwa hai.

Wafafanuzi wanatofautiana kuhusu iwapo mfano huu ni maelezo halisi ya maisha baada ya kifo au ni kisa chenye funzo, kilichotumia picha zilizozoeleka enzi hizo. Funzo lake halitegemei jibu la swali hilo. Ibrahimu anasema kuwa ndugu watano wana Musa na manabii, na wasipowasikiliza hao hawatashawishika hata maiti akifufuka. Mfano wenyewe, basi, umeelekezwa kwa ndugu watano walio hai.

Kondoo na mbuzi

Picha ya hukumu iliyo maarufu zaidi ni ile ya Mathayo 25:31-46, ambapo mataifa yote yanatengwa kama mchungaji atengavyo kondoo na mbuzi. Wafugaji wa Kenya wanaielewa vyema. Wanyama hao hulishwa pamoja mchana kutwa, na kwa mbali si rahisi kuwatofautisha.

Mbuzi si mnyama mbaya katika Biblia. Kutoka 12:5 inaruhusu mwanambuzi atumike kwa Pasaka sawa na mwanakondoo. Jambo linalosisitizwa ni kwamba makundi haya mawili huishi pamoja, na kwamba kazi ya kuyatenga ni ya mchungaji, si ya mifugo yenyewe.

Kigezo cha hukumu kinashangaza. Hakuna anayeulizwa dhehebu lake, sadaka aliyotoa wala idadi ya mikesha aliyohudhuria. Matendo sita yanatajwa: kumlisha mwenye njaa, kumnywesha mwenye kiu, kumkaribisha mgeni, kumvika aliye uchi, kumtazama mgonjwa na kumtembelea mfungwa.

La kushangaza zaidi ni kwamba pande zote mbili zinapigwa na butwaa. Wenye haki hawakumbuki kuwa walimhudumia Mfalme. Waliolaaniwa nao hawakumbuki kuwa walimnyima. Hakuna upande uliojua matokeo kabla ya siku yenyewe, jambo ambalo linapaswa kumtia hofu kila anayejigamba kwamba anajua nani ataokoka na nani ataangamia.

Funzo kama hilo limo katika mfano wa ngano na magugu, Mathayo 13. Watumishi wenye bidii wanaomba ruhusa ya kung'oa magugu. Mwenye shamba anakataa, akihofia kuwa watang'oa na ngano. Vyote viachwe vikue pamoja hadi mavuno.

Vilevile, Yesu alikataa kuusoma msiba kama hukumu. Alipoletewa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, aliongeza kisa cha watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na kusema kuwa hawakuwa wakosaji kuliko wengine. Mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu, katika Yohana 9, alikanusha kwamba yeye au wazazi wake walitenda dhambi iliyosababisha upofu huo.

Makanisa yatofautiana

Wakristo wote wanakubaliana kwamba hukumu ipo, na kwamba Mungu ndiye hakimu. Kuhusu aina na muda wa adhabu, hata hivyo, hawajawahi kuwa na kauli moja.

Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika Kaskazini aliyeishi kati ya mwaka wa 354 na 430, alitetea kwa nguvu msimamo kwamba mateso ya waovu hayana mwisho. Msimamo huo ndio uliotawala katika makanisa ya Magharibi, na Waprotestanti wengi waliurithi.

Kabla yake, Origene wa Aleksandria, aliyefariki yapata mwaka wa 254, alitumaini kwamba moto wa Mungu hutakasa, na kwamba mwishowe viumbe vyote vitarejeshwa kwake. Gregori wa Nyssa naye alikuwa na matumaini kama hayo. Mafundisho yaliyohusishwa na Origene yalilaaniwa katika karne ya sita, lakini Gregori aliendelea kuheshimiwa kama mtakatifu.

Kanisa Katoliki linafundisha pia kuhusu toharani, hali ya kutakaswa kwa wale waliokufa katika neema wakiwa na mapungufu. Fundisho hilo lilithibitishwa katika mitaguso ya Lyon mwaka wa 1274, Florence mwaka wa 1439 na Trento mwaka wa 1563. Katekisimu ya kanisa hilo, iliyotolewa mwaka wa 1992, inaieleza jehanamu kama hali ya mtu kujitenga mwenyewe na Mungu.

Waadventista Wasabato, waliofika Gendia katika eneo la Nyanza mwaka wa 1906, wana msimamo tofauti. Wao huamini kuwa wafu wamelala bila fahamu hadi ufufuo, na kwamba waovu hatimaye wataangamizwa kabisa badala ya kuteswa milele. Wanaegemea maandiko kama vile Malaki 4, panapotajwa makapi yanayoteketea pasipo kubaki shina wala tawi, pamoja na Ufunuo 20 inayoliita ziwa la moto mauti ya pili.

Kila upande una aya zake. Anayehubiri kana kwamba hakuna Mkristo aliyewahi kuwaza vinginevyo huwanyima wasikilizaji wake ukweli wa historia.

Pia kuna swali la nani hasa ni mwenye haki. Paulo, katika Warumi 3, anasisitiza kwamba hakuna hata mmoja, na kwamba haki ni zawadi ipokelewayo kwa imani. Katika sura ya 2 ya waraka huohuo, anasema kila mtu atalipwa kwa kadiri ya matendo yake. Makanisa yamebishana kwa karne nyingi kuhusu namna ya kuyaunganisha haya mawili, lakini yote yanakataa kwamba mtu anaweza kuununua wokovu kwa fedha.

Mafundisho yanapopotoshwa

Upotoshaji wa kwanza ni ule unaofanya utajiri kuwa cheti cha haki na umaskini kuwa cheti cha laana. Huo ndio msimamo wa rafiki za Ayubu uliovishwa suti mpya. Mgonjwa anayeambiwa kuwa hajapona kwa kukosa imani, na kwamba atoe zaidi, anatwikwa mzigo ambao Maandiko yalikwisha kuutua.

Upotoshaji wa pili hujitokeza mazishini, mhubiri anapotangaza mbele ya mama mzazi kwamba mwanawe ameelekea motoni. Hakuna mahali katika Biblia ambapo kazi hiyo ilikabidhiwa mhubiri. Ayubu alikemewa na watu waliodhani wanamtetea Mungu, na watumishi wa shamba walikatazwa kung'oa magugu.

Upotoshaji wa tatu ndio hatari kuliko yote: kuifanya mbingu kuwa sababu ya kuyadharau maisha. Kuanzia Aprili 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola. Kwa mujibu wa upande wa mashtaka, waumini walikuwa wameaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa wangekutana na Yesu. Watoto walikuwa miongoni mwa waliokufa.

Yeyote aliyeusoma mjadala wa Biblia kuhusu hatima ataona jinsi mafundisho ya aina hiyo yanavyokwenda kinyume nao. Anayehesabiwa haki katika Mathayo 25 ni yule aliyemlisha mwenye njaa. Bonde lililoipa jehanamu jina lake lilipata laana kwa sababu watoto waliuawa humo kwa kisingizio cha ibada.

Mlango ungali wazi

Lengo la maonyo yote haya linafafanuliwa katika Ezekieli 18. Nabii anapinga msemo wa zamani uliodai kuwa watoto hulipia makosa ya baba zao. Kila mtu atajibu kwa ajili yake mwenyewe, na mwovu akigeuka ataishi. Mungu, anaongeza, hafurahii kifo cha mwovu.

Kisa cha Yona kinathibitisha hilo. Alitumwa Ninawi kutangaza maangamizi baada ya siku 40. Watu wa mji huo walitubu, na maangamizi hayakuja. Aliyekasirika ni nabii mwenyewe, aliyetamani kuona utabiri wake ukitimia.

Hapo ndipo tofauti kati ya onyo na laana inapodhihirika. Anayelaani hutamani neno lake litimie. Anayeonya huomba lisitimie.

Hivyo, kwa mjane aliyenyang'anywa shamba, Biblia haimwahidi kwamba mnyang'anyi ataadhibiwa kabla ya mvua ya masika. Inamwambia kuwa kesi yake haijafungwa, na kwamba kilio chake hakimaanishi kuwa amelaaniwa. Kwa mnyang'anyi inamwambia kuwa kaburi halifuti deni, ila angali na muda wa kurudisha kisicho chake.

Na kwa wale ambao si mjane wala si mnyang'anyi, wanaopita tu kila siku na shughuli zao, kuna swali la Luka 16. Nalo ni nani amelala mlangoni pao.